Huo uvimbe maji ndio unaomlea mtoto, acheni kuuyeyusha

Wiki hii nimeletewa chupa ya tatu. Lita moja na nusu, dawa ya kahawia, mizizi imetulia chini, imenunuliwa Kariakoo. Mwenyewe ana mimba ya wiki 8, na karatasi ya utrasaundi inasema uvimbe maji wa sentimita 4, ovari ya kulia. Shoga yake kamwambia unamnyonya mtoto, auwahi kabla haujakua.

Haumnyonyi. Yai likishatoka kwenye ovari, kifuko lilimokuwa kinageuka na kuanza kutengeneza projesteroni, homoni inayoishikilia mimba mpaka kondo la nyuma lipokee zamu, kati ya wiki ya 8 na ya 10 hivi. Kifuko hicho mara nyingi hujaa maji, na mara nyingi ndicho hicho mnachokiona kwenye picha na kukosa usingizi. Mnayemwita mwizi wa chakula ni yaya! Kazi ikiisha, wengi wao hunywea wenyewe kufikia wiki ya 16, na hapo shoga husema ni chupa yake iliyofanya kazi. Sisi tunarudia utrasaundi baada ya wiki kadhaa, basi. Chupa haina kipimo, haina jina, na baadhi ya mizizi hukaza misuli ya mji wa mimba. Nikisikia mjamzito anaambiwa "inasafisha na kizazi", presha inanipanda mimi.

Wengine hukimbilia upande wa pili: "Dokta, nipasue leo leo." Uvimbe mkubwa unaozidi kukua, au wenye sura ya kututia shaka, tunaweza kuutoa, ila tukiwa na nafasi ya kuchagua tunasubiri wiki 14 zipite. Kisichosubiri ni ovari iliyojinyonga: maumivu makali ya ghafla upande mmoja, na kutapika. Hapo usimeze panadoli ukalala. Chukua bajaji, bodaboda, chochote, hata saa nane usiku.

Kwamba mwenye uvimbe lazima ajifungue kwa operesheni? Si kweli, labda uwe umekaa chini kwenye nyonga na kumzibia mtoto njia.

Uvimbe uliokutwa na nywele na meno si kurogwa. Ni demoidi, inaota kutokana na chembe za mayai zilizomo ndani ya ovari yenyewe. Hii kweli hainywei, lakini ikiwa ndogo na imetulia, huachwa mpaka ujifungue.

Halafu hili neno "uvimbe" linatuchanganya. Jirani yako wa Tandika aliyetokwa na damu miezi sita alikuwa na faibroidi, nyama ndani ya ukuta wa mji wa mimba. Wako ni maji, na uko kwenye ovari. Kabla hujapokea ushauri wake, muulize wake ulikuwa wapi. Na ile karatasi ya utrasaundi ya kwanza, jamani, msifungie vitumbua. Ibandike ndani ya kadi ya kliniki uje nayo kila mara, maana bila vipimo vya mwanzo siwezi kujua kama uvimbe umekua au umepungua.