Uwanja mkubwa utamwaga hela mjini? Hapana

Kazi yangu ni kupitia maandiko ya miradi kabla hela ya umma haijatoka. Juzi pale Mwaloni, soko la samaki Mwanza, muuza dagaa wangu aliniambia kwa uhakika kabisa: "Mtaalamu, tujengewe uwanja mkubwa, hela itamwagika Mwanza." Maneno hayo nimeyasikia kwa madiwani, kwa wenye gesti, kwa madereva. Nimechoka kuyajibu mdomo kwa mdomo.

Hela haimwagiki, inahama. Mtu wa Igoma, mtaa wa humu humu Mwanza, mwenye elfu ishirini ya starehe ya Jumapili, akiimaliza kwa kiingilio, bodaboda na sahani ya sangara nje ya geti, ameitoa ilikokuwa iliwe: Igoma. Siku ya mechi mama lishe wa Kirumba, jirani na uwanja, anapika masufuria mawili ya wali badala ya moja. Ni kweli, nimekula kwake na nimeyaona. Ila mwenzake wa Igoma siku hiyo anabaki na wali hadi usiku, na huyo hakuna mtu anayekwenda kumuuliza. Andiko linalohesabu sufuria la Kirumba na kuliacha la Igoma linadanganya, nami nalirudisha.

Hela mpya ni ile iliyotoka nje ya mji: shabiki aliyevuka daraja la Kigongo–Busisi akitokea Geita, au aliyepanda basi Shinyanga kuja kuiona Simba au Yanga, akalala gesti. Huyo namhesabu bila ubishi. Lakini atakuja mara ngapi? Ligi ya timu 16 inaipa kila timu mechi 15 za nyumbani. Siku 350 zinazobaki, nyasi zinataka maji na mlinzi anataka mshahara. Wachumi Roger Noll na Andrew Zimbalist walilichambua suala hili Marekani, ambako mashabiki wana fedha kuliko sisi, na mwaka 1997 wakaonyesha kwamba viwanja havirudishi ruzuku inayomwagwa humo. Watafiti waliowafuata wamezidi kukuta hivyo hivyo.

Ajira? Za ujenzi zinaondoka na mkandarasi. Zinazobaki nyingi ni kibarua cha saa chache getini.

Wengine husema ukishajengwa, gharama zimekwisha. Montreal, Canada, walijenga uwanja wa Olimpiki ya 1976, deni wakalimaliza 2006. Brasília, Brazil, baada ya Kombe la Dunia la 2014, maegesho ya uwanja wao yaligeuka kituo cha mabasi.

Na hii ya "serikali kuu ndiyo inatoa, si sisi" inaniudhi pia. Hazina inajazwa na kodi, ya muuza dagaa ikiwemo. Shilingi iliyozama kwenye zege la jukwaa haitapandisha maji kwenye nyumba za milimani.

Anayetaka uwanja kwa sababu anaipenda timu yetu ya Pamba na anataka watoto wacheze pazuri, aseme hivyo. Raha na fahari ya mji vina thamani, na nitakaa naye tukokotoe bei yake. Anayekuja na hoja ya faida namwomba kalenda: siku 365, kila siku imeandikwa nani atautumia uwanja na atalipa shilingi ngapi. Bila kalenda hiyo sifungui ukurasa wa pili.