Nani aliwaambia nguruwe anakula chochote?

Juzi mama mmoja kanipigia, "shikamoo dokta, nguruwe zangu hawakui, naomba sindano ya kukuzia." Nikaenda. Wana miezi saba, manyoya marefu yamesimama, tumbo limevimba, uti wa mgongo unauhesabu pingili kwa pingili, nikazungusha futi kamba nikapata kama kilo 28. Nikauliza wanakula nini, nikaonyeshwa ndoo ya pumba imekorogwa maji mpaka imekuwa uji, juu maganda ya ndizi. "Si nguruwe anakula chochote?"

Jamani nimechoka na hii kauli. Kumeza atameza chochote, hata kandambili ukiiacha bandani hutaikuta, ila kukua ni habari nyingine. Nguruwe ana tumbo moja kama wewe, hacheui kama ng'ombe, kwa hiyo protini usipomwekea kwenye chakula hana pa kuitoa. Pumba ya mahindi ina protini kama asilimia 10 hivi, wakati mtoto aliyetoka kuachishwa ziwa anataka kama 18 na anayekua 16, sasa wewe unamjazia pumba tupu anashiba lakini anashiba bure, miezi inaenda, pumba unanunua, ukija kumuuza hela ya pumba hairudi. Hakuna sindano ya hapo.

Mimi watu wangu nawapa mchanganyo huu wa kilo 100 wa nguruwe wanaokua: pumba 65, mashudu ya alizeti 23, dagaa wa kusaga 9, unga wa mifupa na chokaa kama 2 na nusu, inayobaki ni premix (ule unga wa vitamini na madini) na chumvi kidogo. Dagaa wachambue kwanza, wale wa bei chee nusu mchanga, na kama wana chumvi nyingi usiongeze nyingine, tena maji yasikosekane bandani maana chumvi bila maji inaua. Ukiweka soya badala ya dagaa ikaange kwanza, mbichi haimeng'enywi vizuri. Na nunua mzani, acha kupima kwa kopo la rangi. Chakula kinakula zaidi ya nusu ya gharama zote, mara nyingi hata robo tatu, kwa hiyo kama huna hela ya kulisha kumi fuga wawili, sioni aibu iko wapi.

Sasa makombo ya hotelini na baa, hapo ndo nakasirika kabisa. Kwenye ile ndoo kuna mifupa na maji ya kuoshea kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, na virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika vinakaa kwenye nyama miezi, hata ikigandishwa, so umembebea nguruwe wako ugonjwa wa jirani usiyemjua. Kama lazima uyatumie yachemshe nusu saa huku unakoroga, ila ushauri wangu yaache.

Na hiyo homa haina dawa. Ilielezwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921 na mpaka leo haina tiba, huku kwetu chanjo yake pia hakuna, anayekuja na kichupa anakuuzia matumaini. OTC ile antibiotiki, ivermectin ya minyoo, sijui mwarobaini, hapana. Kinachosaidia ni uzio, viatu vya bandani visivyotoka bandani, na kutopokea dume la kuazima. Wakianza kufa piga simu kwa afisa mifugo, usiwauze chapchap kwa bei ya kutupa, ndo tunavyosambaziana kijiji kizima.

Eti nguruwe anapenda uchafu: hatoki jasho, anatafuta tope ajipoze. Mpe kivuli na maji uone anavyochagua kona moja ya choo.

Vitoto vya wiki mbili tatu vikipauka na kuhema watu wanasema mama kalogwa au hana maziwa. Ni upungufu wa madini chuma. Maziwa hayana ya kutosha, na kwenye sakafu ya sementi havipati udongo wa kuchimba, sindano ya chuma siku ya tatu basi.

Zile hesabu za WhatsApp za jike mmoja kukutoa kimaisha ndani ya mwaka sizigusi. Mimba ni miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, hesabu fanya mwenyewe.

La mwisho, minyoo ya tegu. Watu wanamlaumu nguruwe, ila nguruwe kaipata kwenye kinyesi cha binadamu. Ukila nyama haijaiva unapata mnyoo tumboni, lakini ile ya kuingia kichwani na kuleta kifafa inatokana na mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, kwa hiyo hata asiyegusa kitimoto anaipata. Kwenye wilaya za Mbozi na Mbulu, Tanzania, hili limechunguzwa sana. Ndo maana nikija kukagua banda lako naanza kuulizia choo cha nyumbani, usininunie.