Mchirizi wa mzazi, malengelenge ya mtoto

Mtu anaweza kuishi miaka 30 na mchirizi wa ngozi ngumu, ya kahawia, ubavuni mwake, akiamini ni alama tu ya kuzaliwa. Kisha anapata mtoto, na mtoto anazaliwa mwekundu mwili mzima, akitoka malengelenge na kubambuka ngozi anaposhikwa. Ndugu huanza kumtafuta aliyemfanyia ubaya. Hakuna aliyemfanyia. Jibu huenda liko kwenye ule mchirizi wa mzazi.

Tazama mkeka. Ukindu wa rangi ukitiwa kwenye ukili mmoja tu, mkeka ukishashonwa utaonyesha mstari wa rangi hiyo. Mzazi huyu naye hakurithi hitilafu ya jeni, yaani kasoro katika maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya seli. Ilizuka katika seli moja alipokuwa angali tumboni, ikaenea kwa uzao wa seli hiyo, na nyingine zikabaki salama. Mwili wenye seli za aina mbili namna hii tunauita mozaiki. Michirizi yake haifuati mishipa ya damu wala ya fahamu. Hupinda kama V mgongoni na S ubavuni, njia alizozichora daktari Alfred Blaschko wa Berlin mwaka 1901.

Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walionyesha uhusiano huo: wazazi wenye michirizi na watoto wao wanaougua mwili mzima walikuwa na hitilafu ileile ya jeni ya keratini 10, protini inayoipa seli ya ngozi uimara. Hitilafu ikifika kwenye mayai au mbegu za kiume, mtoto anaweza kuirithi katika kila seli.

Michirizi mingi ya kuzaliwa si ugonjwa huu, kwa hiyo msiogope kila alama. Lakini mwenye mchirizi mgumu, wenye magamba, amwone daktari wa ngozi kabla ya kutafuta mtoto, awe mwanamke au mwanamume. Damu pekee inaweza kuonekana salama kabisa. Kipimo kinataka kinyama kidogo kilichokatwa kwenye mchirizi wenyewe.

Mozaiki huweza pia kuponya, na hili hunipa matumaini makubwa. Mwaka 1997, huko Groningen, Uholanzi, Marcel Jonkman na wenzake walieleza habari za mgonjwa wa aina nyingine ya malengelenge ya kurithi aliyekuwa na mabaka ya ngozi imara: pale, seli zilikuwa zimejirekebishia jeni ya kolajeni 17, protini inayoshikiza ngozi ya juu kwenye ya chini. Mwaka 2014 kundi hilo likaripoti kuchukua vipande vidogo vya ngozi iliyojirekebisha ya mgonjwa na kuvipandikiza mahali pengine kwenye mwili wake mwenyewe. Vilishika.