Sugrue: jina adimu la ukoo kutoka Kerry, Ireland

Sugrue ni jina la ukoo la Kiayalandi. Kwao ni Kerry, kaunti iliyo kwenye ncha ya kusini magharibi ya Ireland, na ndani ya Kerry limejikusanya zaidi katika rasi ya Iveragh: Cahersiveen, Waterville, kisiwa cha Valentia na vitongoji vilivyo kati yao. Rasi jirani ya Dingle nayo inalo. Kabla ya karne ya 20, ukivuka mipaka ya Kerry ulikuwa unakutana nalo kwa nadra.

Neno "adimu" hapa lishikwe kwa uangalifu. Mjukuu wa wahamiaji anayeitwa Murphy, aliyezaliwa Marekani, hana pa kuanzia kutafuta asili yake, kwa sababu Murphy ndilo jina lenye watu wengi kuliko yote Ireland na limeenea kila kaunti. Mwenye Sugrue ameshajibiwa swali la kaunti kabla hajafungua daftari hata moja. Lakini akifika Cahersiveen mambo yanageuka. Pale jina ni la kawaida, kina Michael Sugrue na kina Patrick Sugrue wamepangana mtaa kwa mtaa, na jina la ukoo peke yake halimtofautishi mtu na jirani yake. Jina adimu kwa taifa linaweza kuwa la kila mtu parokiani, na watafutaji wengi hukwama hapo.

Umbo la Kiayalandi ni Ó Siochfhradha, ambalo siku hizi huandikwa pia Ó Siochrú. "Ó" maana yake ni mjukuu au mzao, na "Mac" ni mwana. Zamani Waayalandi walitajana kwa jina la baba, na jina hilo lilibadilika kila kizazi kama inavyokuwa kwetu kwa Ali bin Juma anayemzaa Hamisi bin Ali. Kuanzia karne ya 10 na ya 11 majina hayo yalianza kuganda: babu mmoja akachaguliwa, na wazao wote wakabeba jina lake daima. Ireland ni miongoni mwa nchi za mwanzo Ulaya kufanya hivyo. Basi Ó Siochfhradha ni wazao wa mtu aliyeitwa Siochfhraidh.

Jina la babu huyo si la Kiayalandi kwa asili. Limetokana na jina la Kinorse cha kale, lugha ya Waviking wa Skandinavia, lililoundwa kwa maneno mawili, "ushindi" na "amani", lile lile ambalo Ulaya bara limekuwa Siegfried. Waviking walianza kuvamia Ireland mwaka 795, wakajenga ngome Dublin mwaka 841, na baadaye wakashika Limerick, mji ulio karibu na Kerry. Kumbukumbu za kale za matukio ya Ireland zinamtaja Sichfrith mwana wa Ímar, mfalme wa Wanorse, aliyeuawa kwa hila na ndugu yake mwaka 888.

Hapa watu hukimbilia kusema kwamba kila Sugrue ni Mviking. Si lazima. Baada ya vizazi vichache vya biashara na ndoa, familia za Kiayalandi zilianza kuwapa watoto wao majina ya Kinorse. Ukoo wa McAuliffe ni ushahidi mzuri: jina lao linatokana na Óláfr, jina la Kinorse kabisa, ilhali wao wenyewe ni tawi la MacCarthy, ukoo wa Kiayalandi wa Munster, jimbo la kusini lenye Kerry ndani yake. Cotter linatokana na Óttarr, na Reynolds la Leitrim linatokana na Rögnvaldr. Majina hayo yanathibitisha kwamba watu wa pande mbili walichanganyika. Hayathibitishi damu ya mtu fulani. Kwa hilo ni kipimo cha vinasaba vya kiume tu kinachoweza kusaidia, tena kwa kulinganisha wanaume kadhaa wenye jina hili ambao hawana undugu wa karibu. Kipimo cha mtu mmoja hakitoshi, maana pengine jina liliingia kwenye nasaba yake kwa njia ya mama au ya mtoto wa kulea.

Tahajia inasumbua zaidi kuliko asili, na sababu yake iko kwenye matamshi. Katika Kiayalandi, "s" ikifuatwa na "i" hutamkwa kama "sh". "Ch" ni sawa na "kh" ya "kheri". "Fh" haisikiki kabisa, na "dh" ya mwishoni imepotea. Kwa hiyo herufi zote zile za Siochfhradha zinabaki kuwa kitu kinachokaribia "Shokhruu". Karani wa Kiingereza aliyesikia hivyo hakuwa na herufi ya "kh", akaweka "gh" au "g". Mwingine aliandika "Sh" mwanzoni kama alivyosikia, mwingine "S" tupu. Ndiyo maana tunakuta Sugrue, Sughrue, Shugrue, Shughrue, Segrue, Sugrew na Shughrow. Huko Kerry wengi bado hutamka "Shugruu" hata pale wanapoandika Sugrue. Ughaibuni matamshi yamefuata maandishi na "sh" imetoweka.

Kutokana na hilo usichukulie tofauti ya tahajia kama tofauti ya ukoo. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa Sugrue na Shugrue, na mtu mmoja anaweza kubatizwa Shughrue, kuoa akiwa Sughrue na kuzikwa akiwa Sugrue. "Tahajia ya kwetu ya asili" inayotajwa na familia nyingi kwa kawaida ni ya karani wa mwisho aliyemwandika babu yao.

Ile "Ó" ya mwanzo iliachwa karne ya 17 na ya 18, utawala wa Kiingereza ulipokuwa umekaza. Mwishoni mwa karne ya 19 koo nyingi ziliirudisha, ndiyo maana leo tuna O'Sullivan na O'Connell, lakini wanaoandika Sugrue kwa Kiingereza hawakuirudisha. Inaonekana kwa wanaotumia jina kwa Kiayalandi, kama Pádraig Ó Siochfhradha, mwandishi na seneta aliyezaliwa rasi ya Dingle mwaka 1883 na kujulikana zaidi kwa jina la An Seabhac. Mwanamke habebi umbo hilo: binti ni Ní Shiochfhradha, na aliyeolewa ni Uí Shiochfhradha. Ukitafuta wanawake katika kumbukumbu za Kiayalandi kwa kuandika "Ó", hutawapata.

Kwa nini jina halikusambaa? Iveragh ni rasi ndefu iliyozibwa upande wa bara na milima mirefu kuliko yote Ireland. Carrauntoohil peke yake una mita 1,038. Reli ilifika upande wa Cahersiveen mwaka 1893 tu, ikafungwa 1960. Ardhi ilikuwa ya makabaila, wakiwemo Lansdowne na hata Chuo cha Trinity cha Dublin, na wapangaji waligawana mashamba na wana wao, kipande hadi kipande kidogo zaidi. Mtoto wa kiume alioa kitongoji cha jirani na kubaki pale pale. Waliokwenda mbali walikuwa wachache; hata Charles Sughrue, aliyekuwa askofu hadi 1824, uaskofu wake ulikuwa wa Kerry kwenyewe.

Kisha, katika miaka ya 1840, ikaja njaa ya viazi, ugonjwa wa mimea ulipoharibu zao hilo. Kerry ilikuwa na watu karibu 294,000 katika sensa ya 1841. Mwaka 1851 walibaki karibu 238,000. Wengine walikufa, wengine walipanda meli, na mkondo wa kwenda Marekani ukaendelea kwa miongo iliyofuata. Watu wa Kerry walifuatana, aliyetangulia akimlipia nauli mdogo wake, kwa hiyo jina likaota kwa mafungu. Fungu mojawapo ni la Kansas: Pat Sughrue alikuwa sherifu wa kaunti ya Ford, yenye mji wa Dodge City, katikati ya miaka ya 1880, na pacha wake Mike alikuwa sherifu wa kaunti jirani ya Clark. Angalia hiyo "gh": imedumu kule wakati Kerry wengi waliiacha.

Kupima uadimu wa jina la Kiayalandi kuna chombo kimoja cha zamani kinachoaminika. Mwaka 1894 Robert Matheson wa ofisi ya usajili alichapisha ripoti ya majina kutokana na vizazi vilivyosajiliwa mwaka 1890, vipatavyo 105,000. Aliorodhesha majina yaliyotokea mara 5 au zaidi, akionyesha yametokea kaunti zipi. Wakati ule kizazi kimoja kilisimama badala ya watu 45 hivi, kwa hiyo ukizidisha idadi ya vizazi kwa 45 unapata makadirio ya watu wenye jina hilo nchi nzima. Kwa jina adimu makadirio hayo ni dhaifu: vizazi 6 badala ya 9 mwaka ule ni bahati tu, lakini kwenye hesabu inakuwa tofauti ya watu 135. Tena Matheson alihesabu tahajia kama zilivyoandikwa, kwa hiyo ukoo wenye tahajia saba unaweza kuonekana mdogo kuliko ulivyo. Jumlisha tahajia zote kwanza.

Kwenye utafutaji wenyewe, anzia nchi aliyohamia babu, si Ireland. Unahitaji parokia, na bora zaidi kitongoji. Ireland ina vitongoji zaidi ya 60,000 vyenye majina rasmi, na hicho ndicho kitakachomtofautisha John Sugrue wako na wengine. Vyanzo vyake ni mawe ya makaburi, tanzia za magazeti, cheti cha ndoa kilichotolewa na kanisa, na matangazo ya kutafuta ndugu yaliyochapishwa na gazeti la Boston Pilot kuanzia 1831 hadi 1921, ambayo mara nyingi hutaja parokia.

Faharasa za Marekani za sensa zilizopangwa kwa mfumo wa Soundex, unaogeuza jina kuwa msimbo wa herufi na tarakimu kufuata sauti yake, zinafaa sana hapa. Sugrue, Sughrue, Shugrue, Segrue na Sugrew zote huangukia S260. Siochrú nalo ni S260, lakini Siochfhradha kamili ni S216. Karani akiandika O'Sugrue, msimbo unaruka kwenda O226, sanduku jingine kabisa. Segrave, jina la familia ya Dublin yenye asili ya Uingereza ambalo watu hulichanganya na Segrue, ni S261, hivyo mfumo unakutengea wenyewe. Sager ni S260 pia, na hao utawachuja kwa mkono. Kwenye tovuti zinazokubali alama ya nyota, andika S*g*r* badala ya S*gr*. Hiyo ya pili inamwacha Sughrue nje kwa sababu ya "h".

Ukishapata parokia, ingia kumbukumbu za Ireland. Vizazi, vifo na ndoa za Wakatoliki zinasajiliwa na serikali tangu 1864. Sensa kamili zilizosalia za zamani ni za 1901 na 1911, zote bure mtandaoni. Sensa za 1821 hadi 1851 ziliungua karibu zote moto ulipoteketeza hifadhi ya Dublin tarehe 30 Juni 1922, na za 1861 hadi 1891 serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu. Daftari za ubatizo za Kikatoliki zilinusurika kwa kuwa zilikaa parokiani. Maktaba ya Taifa imeweka picha zake mtandaoni hadi karibu 1880, na za Kerry zimenakiliwa pia kwenye tovuti ya serikali ya nasaba. Nyingi za Iveragh zinaanza kati ya miaka ya 1820 na 1850. Kabla ya hapo unabaki na orodha za kodi ya kanisa za 1823 hadi 1837 na nyaraka za makabaila, ambazo humtaja mpangaji tu. Mke na watoto hawamo. Uthamini wa Griffith, ule wa ardhi na nyumba kwa ajili ya kodi, wa miaka ya 1850 nao ni hivyo hivyo.

Majina ya kwanza yana mitego yake. Desturi ilikuwa mwana wa kwanza apewe jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Mzee mwenye wana watano anaweza kuwa na wajukuu watano wenye jina moja, wote Sugrue, wote wa parokia moja. Zaidi ya hapo, Tadhg wa nyumbani ni Timothy kwenye karatasi, na Diarmaid huwa Jeremiah au Darby. Watenganishe kwa jina la ukoo la mama na kwa wasimamizi wa ubatizo, ambao mara nyingi walikuwa ndugu wa wazazi.

Umri usiuamini. Aliyechelewa kusajili mtoto alikabiliwa na faini, hivyo wazazi walisogeza tarehe mbele; usishangae kukuta mtoto aliyebatizwa wiki mbili kabla ya "kuzaliwa". Shika tarehe ya ubatizo. Na kati ya sensa ya 1901 na ya 1911 wazee wengi wanazeeka miaka 13 au 15 badala ya 10. Sababu kubwa ni pensheni ya wenye umri wa miaka 70, shilingi 5 kwa wiki, iliyoanza kulipwa Januari 1909. Fomu ya 1911 hata hivyo ina safu inayofaa kuanzia kuisoma: miaka ya ndoa, watoto waliozaliwa hai, na waliobaki hai. Ukikuta 9 na 6, na kwenye daftari una majina 7, rudi ukatafute wawili chini ya Shughrue.