"Geita imelegea" ina maana gani hasa?

Geita ni kifuniko cha kitambaa kigumu kinachovaliwa juu ya buti, kikapanda muundini hadi karibu na goti, ili matope, theluji na changarawe visiingie kiatuni. Wapanda Kilimanjaro wanazijua.

Jina halina uhusiano na mkoa wa Geita, kule kwenye dhahabu. Limetoka kwa Waingereza, nao walilichukua kwa Wafaransa, wanaosema guêtre. Wapo wanaozifananisha na zile nguo za miguuni za askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huku Afrika Mashariki, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Zile zilikuwa utepe mrefu uliozungushwa mguuni kama bendeji; hata jina lake la Kihindi, patti, maana yake ni utepe. Zilishikwa na ule mzunguko wenyewe, kwa hiyo zikilegea zimelegea kote. Geita haizungushwi. Inashikwa mahali patatu, na kila mahali pana kazi yake.

Ndiyo maana neno "imelegea" linanikera. Mnateremka Kilimanjaro kutoka Stella Point, ukingoni mwa kreta, kwenda kambi ya Barafu, changarawe inakimbia chini ya miguu, mara mgeni anasimama: geita imejikunja yote kifundoni. Mtu anapiga kelele, "Imelegea, kaza!" Kijana anainama, anakaza kamba ya chini ya kiatu kwa nguvu zake zote. Hatua ishirini mbele, imeshuka tena.

Lazima ishuke. Kamba ya chini, ile inayopita kwenye pengo la soli mbele ya kisigino, haikuwekwa kuzuia geita isishuke. Imewekwa isipande. Ukiikaza kupita kiasi unaivuta geita nzima kuelekea chini, yaani unasaidia lile lile unalolipinga. Kinachoizuia isishuke ni mkanda wa juu, nao ukae chini kidogo ya goti, juu ya ule unene wa tafu. Ukifungwa katikati ya tafu, mguu wenyewe utausukuma chini kila unapopiga hatua, maana kuanzia hapo mguu unazidi kuwa mwembamba.

Ndoano ya mbele nayo inashika kamba za kiatu, zile za chini kabisa karibu na vidole. Ikichomoka, ncha ya mbele inanyanyuka na vijiwe vinaingia kwa mlango huo. Wengi huisahau kwa sababu wamevaa geita kabla ya kumaliza kufunga buti.

Na hiyo kamba ya chini itazame kila jioni kambini. Inasagwa na mawe mchana kutwa, hukatika kimyakimya.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mwenzako akisema imelegea, muulize kwa upole: imeshuka au imepanda? Akisema imeshuka, mwache asiinamie kiatu. Mkono uende chini ya goti.