Vanishi haiupi ufito wa kuvulia nguvu

Huku Bukavu, sambaza, samaki wadogo kama dagaa, huvuliwa kwa nyavu usiku, kwa mwanga wa taa. Lakini anayekaa kwenye mawe ya ufukwe wa Ziwa Kivu akisubiri tilapia anahitaji ufito, na wengi wana wa zamani uliorithiwa. Ukianza kubanduka, wanaupaka vanishi tele wakidhani utapata nguvu. Sivyo. Vanishi huzuia maji na jua tu. Nguvu imo kwenye nyuzi za mwanzi au za faiba, na tabaka nene huongeza uzito na kuufanya ufito uwe mzito kujirudi.

Kinachoharibika kwanza, mara nyingi, ni pete ambamo mshipi hupita, na uzi unaozishika kwenye ufito. Pitisha pamba ndani ya kila pete: ikinasa, pete ina mkwaruzo utakaokata mshipi. Ibadilishe. Kata uzi wa zamani kwa wembe juu ya mguu wa pete, yaani kipande cha chuma kinacholala chini ya uzi, kamwe si juu ya ufito wenyewe, kwa sababu mchubuko mdogo pale ndipo utakapovunjikia samaki akivuta. Uzi wa nailoni wa kushonea unatosha. Uzungushe ukikaza, kila mzunguko ugusane na mwenzake, kisha paka vanishi nyembamba juu ya uzi, uache ikauke, urudie.

Faiba iliyochakaa isuguliwe kwa msasa uliolowa, maana vumbi lake huwasha ngozi na kuumiza mapafu. Ufito uliopasuka kwa urefu, au unaolia ukiupinda taratibu, hauokolewi na vanishi yoyote.