Bomba la inchi 3 halilazimishi vali ya inchi 3

Anayetafuta vali ya globu huulizwa kwanza, "Bomba lako inchi ngapi?" Swali ni halali, ila halitoshi. Vali hii huwekwa kwenye bomba ili kupunguza na kuongeza mtiririko, na kazi hiyo haipimwi kwa inchi.

Ndani ya tumbo la vali kuna ukuta wenye tundu, na ukingo wa tundu hilo ndio kiti. Ukizungusha gurudumu, spindo, yaani fimbo inayounganisha gurudumu na diski, inashusha diski kuelekea kwenye kiti. Maji hayana njia ya kunyooka. Yanapinda, yanapanda kupitia tundu, kisha yanapinda tena. Kupinda huko kunakula presha. Katika hesabu za mabomba, vali ya globu ya kawaida iliyofunguliwa yote huhesabiwa kuwa na ukinzani wa bomba lililonyooka lenye urefu wa mara 340 ya kipenyo chake, ilhali geti vali (ile yenye bamba linaloshuka kukata mkondo) huhesabiwa mara 8 tu. Kwa hiyo ikiwa unataka kufunga na kufungua basi, globu itakuongezea gharama ya kuendesha pampu bila sababu. Lakini geti vali ukiiacha nusu wazi inatetemeka, na kingo zake zinaliwa na maji yanayopita kwa kasi.

Tuje kwenye ukubwa, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Katika karatasi ya mtengenezaji tafuta Kv: ni mita za ujazo za maji zinazopita kwa saa moja vali ikipoteza presha ya bar 1. Tuseme unahitaji mita za ujazo 20 kwa saa, na mfumo wako unaweza kumudu kupoteza bar 1. Kv unayotafuta ni 20. Kama una robo bar tu ya kupoteza, gawa 20 kwa kipeuo cha pili cha 0.25, yaani 0.5, na Kv inakuwa 40. Bomba ni lilelile, maji ni yaleyale, vali imeshakuwa nyingine.

Ukiweka vali kubwa kuliko inavyotakiwa, itafanya kazi siku zote diski ikiwa inakaribia kugusa kiti. Ukigusa gurudumu kidogo, mtiririko unaruka. Maji nayo yanapenya kwenye mwanya mwembamba yakikikwangua kiti, hadi ifike siku vali haizibi hata ukiikaza kwa nguvu zote. Ushauri wangu: chagua itakayofanya kazi ya kawaida ikiwa wazi kwa asilimia 60 hadi 80, hata kama ni saizi moja chini ya bomba na utalazimika kuweka redusa, yaani kiungo cha kupunguza kipenyo cha bomba.

Ukisikia sauti kama changarawe zinapita ndani ya vali, usifikiri ni mchanga. Presha kwenye mwanya imeshuka mno hadi maji yanatoa mapovu ya mvuke. Mbele kidogo presha inarudi, mapovu yanaporomoka na kuchimba chuma. Kununua chuma kigumu zaidi kunaahirisha tatizo tu. Afadhali upotevu wa presha ugawanywe kwa vali mbili zinazofuatana.

Mengine ni mepesi. Vali ya globu yenye umbo la Y inapoteza presha kidogo kuliko ya kawaida, na vali ya pembe inafaa panapohitajika kona. Kwa mtiririko mdogo sana, tumia yenye diski ya sindano. Kimiminika chenye tope au chembe nyingi kitafutie aina nyingine ya vali. Alama ya PN16 inamaanisha vali inahimili presha ya bar 16 katika joto la kawaida. Joto likipanda, uwezo huo unashuka. Pakingi (kizibo kinachozunguka spindo kuzuia uvujaji) ya tefloni inatosha kwa maji baridi, bali kwa mvuke wenye joto kali tumia grafaiti.

Kabla ya kukaza boliti za flanji, tazama mshale ulio ubavuni. Kwenye vali nyingi unaelekeza maji yaingie chini ya diski, ili vali ikifungwa pakingi isibebe presha ya upande wa kuingilia.